Nguzo nzima, paa bovu: meno ya kupandikiza yakiharibika tufanyeje?



Katika toleo hili tunataka kuongea juu ya jambo ambalo zamani hatungefikiria kuliandika katika gazeti hili letu. Ni mambo ya meno ya bandia. Si yale ya kuvaa asubuhi na kuyatia kwenye kikombe cha maji usiku. Ni yale yanayofungwa kwa skrubu mpaka ndani ya mfupa wa taya, ambayo huitwa meno ya kupandikiza.

Tulidhani hayo ni ya matajiri wa Nairobi peke yao. Kumbe sivyo. Siku hizi watoto wetu walio mjini na ng'ambo huwatengenezea wazazi wao meno haya. Yakiwa mazima ni furaha. Yakivunjika, shida inarudi kijijini, na mara nyingi inaishia katika mkutano wa kikundi. Hivyo ndivyo ilivyotufikia sisi.

YALIYOTOKEA KATIKA KIKUNDI KIMOJA

Mwaka 2023 tulitembelea kikundi cha kina mama kilichokuwa kikiweka akiba ya kujenga tangi la kuvunia maji ya mvua. Mweka hazina wao ni mwalimu mstaafu, na wote humwita Mwalimu. Kila mwezi yeye ndiye aliyesoma hesabu kwa sauti, shilingi kwa shilingi, na hakuna aliyelalamika. Lakini miezi hiyo alikuwa ameacha kusoma. Aliandika hesabu kwenye karatasi na kumpa katibu asome. Akiulizwa swali, alijibu kwa kifupi huku ameweka mkono mdomoni.

Mwaka 2016 kijana wake alimlipia meno ya chini yote katika mji aliokuwa akifanya kazi. Alitiwa skrubu nne katika taya, na juu yake yakafungwa meno ya plastiki yenye chuma ndani. Alikula githeri na mahindi ya kuchoma kama msichana. Baada ya miaka saba plastiki ilikuwa imelika, meno matatu yalikuwa yameng'oka moja baada ya jingine, na ufa ulikuwa umepita karibu na skrubu moja. Alikuwa anakunywa uji asubuhi na jioni.

Alikwenda kliniki moja akaambiwa: yote yang'olewe, hata skrubu, kisha aanze upya. Bei aliyotajiwa ilikuwa ya laki nyingi. Wenzake waliposikia wakasema, basi tumpe mkopo wa pesa yote ya tangi. Na sisi, tunakiri, tuliunga mkono. Tulikuwa hata tumeanza kupiga hesabu ya harambee.

Ndipo mama mmoja aliyekuwa ameezeka nyumba yake upya mwaka uliotangulia akauliza, "Je, zilizooza ni nguzo ama ni paa? Mimi fundi alinibadilishia mabati tu, nguzo akaziacha."

Tukanyamaza. Hakuna aliyekuwa ameuliza swali hilo, hata sisi tuliosomea kazi ya kusaidia watu. Tukaomba kikundi kingojee kwanza, tukatafute jibu. Hayo tuliyojifunza ndiyo tunayowaletea leo.

MENO HAYA YANA SEHEMU TATU

1. Nguzo. Hii ni skrubu ndogo iliyochimbiwa ndani ya mfupa, mahali pa mzizi wa jino. Kwa kawaida ni ya titani, madini mepesi yenye nguvu na yasiyopata kutu.

2. Kiungo. Hiki ni kipande kifupi kinachokaa juu ya nguzo, kwenye ufizi, na kushika meno. Kina skrubu yake ndogo.

3. Paa. Haya ndiyo meno yenyewe tunayoyaona mtu akicheka. Yanaweza kuwa jino moja, ambalo madaktari huita taji, ama meno mengi yaliyoungana, ambayo huitwa daraja.

Mtu akisema "meno yangu ya kupandikiza yameharibika," hajatueleza bado. Ni sehemu gani iliyoharibika? Gharama, muda na maumivu vyote hutegemea jibu la swali hilo.

KWA NINI NGUZO HUDUMU

Daktari mmoja wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa akichunguza jinsi mfupa unavyopona. Mwaka 1952 alitia kifaa cha titani katika mfupa wa sungura. Alipotaka kukitoa, kilikataa. Mfupa ulikuwa umekishika kana kwamba ni sehemu yake. Akaona kwamba jambo hilo linaweza kuwafaa watu wasio na meno.

Mwaka 1965 alimtia nguzo nne za titani katika taya la chini mgonjwa wake wa kwanza, Gösta Larsson, ambaye alikuwa amezaliwa na kasoro ya taya. Larsson alizitumia mpaka alipofariki mwaka 2006. Hiyo ni zaidi ya miaka 40.

Kwa hiyo nguzo iliyotiwa vizuri na kutunzwa vizuri inaweza kuishi kuliko meno yaliyo juu yake. Paa ndilo linalopigwa na jua na mvua, yaani ndilo linalotafuna. Si ajabu likachakaa kwanza.

KWA NINI PAA HUVUNJIKA

Plastiki ni laini. Ni nyepesi, bei yake ni nafuu, na ikivunjika fundi wa meno anaweza kuitengeneza. Lakini hulika polepole kama soli ya kiatu, hunyonya rangi ya chai, na meno yake huweza kung'oka.

Meno mengine huwa na chuma ndani na kauri laini imepakwa juu. Hayo hupendeza, lakini ile kauri ya juu inaweza kubanduka vipande kama kikombe kilichogongwa ukingoni.

Kuna sababu nyingine ambayo wengi hawaijui. Jino la asili limeshikwa na nyuzi laini zinazohisi. Ukiuma jiwe katika maharagwe, unaacha mara moja. Nguzo ya titani imegandamana na mfupa, haina nyuzi hizo. Mtu anaweza kuuma kwa nguvu nyingi bila kujua. Wanaosaga meno usingizini ndio huharibu zaidi.

KAURI YA ZIRKONIA NI NINI?

Siku hizi madaktari wengi wakibadilisha paa lililovunjika hutumia kauri ngumu iitwayo zirkonia. Ina rangi nyeupe, haili rangi ya chai, na uchafu haushiki sana juu yake ikiwa imesuguliwa vizuri.

Wafinyanzi wetu wataielewa haraka. Kina mama wa Ilesi kule Kakamega wanajua kwamba chungu kibichi ni kikubwa kuliko kikavu, na kwamba moto ndio unaokipa nguvu. Zirkonia ni hivyo hivyo. Kwanza huwa kama chaki, na mashine huichonga kwa urahisi. Huchongwa ikiwa kubwa kuliko inavyotakiwa, kisha huingizwa katika tanuri lenye joto la karibu nyuzi 1,500 za Selsiasi. Humo hupungua kwa karibu sehemu moja kwa tano kila upande na kuwa ngumu sana.

Lakini mfinyanzi atauliza, "Si chungu kikipata ufa kimekwisha?" Ni kweli, na ndiyo sababu kauri za zamani ziliogopwa. Zirkonia ina siri yake, ambayo wanasayansi wa Australia waliieleza mwaka 1975. Ufa ukianza, chembe zilizo karibu nao hubadilika umbo na kufura kidogo, karibu asilimia 4. Kufura huko huubana ufa usiendelee. Hatusemi kwamba haivunjiki kabisa. Tunasema inavumilia kuliko kauri nyingine.

Tena msidhani vitu hivi vyote ni vya mbinguni. Mchanga wa Kwale kule Pwani, uliochimbwa kuanzia 2013 hadi mwisho wa 2024, ulikuwa na madini ya titani na pia zirkoni, ambayo ndiyo asili ya zirkonia. Sehemu kubwa ya madini hayo duniani huenda kwa rangi za kupaka na vigae, lakini nguzo na paa la mdomo vinatoka katika jamii ileile ya mchanga.

KAZI YENYEWE HUFANYWAJE?

Ikiwa nguzo ni nzima, kubadilisha paa hakuhitaji kupasua taya tena. Hatua huwa kama hizi:

- Daktari hufungua meno ya zamani, husafisha nguzo, huangalia fizi na kupiga picha ya eksirei ili aone mfupa.

- Huchukua umbo la mdomo kwa dawa ya kuganda ama kwa kamera maalum.

- Mgonjwa hupewa kwanza meno ya majaribio ya plastiki. Hii ni hatua muhimu. Avae, aongee, ale, aimbe kama ni mwimbaji. Penye kasoro parekebishwe sasa, kwa sababu zirkonia ikishachomwa si rahisi kuibadilisha.

- Fundi huchonga zirkonia, huichoma, huipaka rangi ya meno na ya fizi, na kuisugua mpaka iwe laini kabisa. Ikiachwa na mikwaruzo, italika meno ya upande wa pili kama tupa.

- Daktari hukaza skrubu kwa spana maalum inayopima nguvu, kisha huziba matundu.

Jamani, safari hizi ni kadhaa, na huweza kuchukua wiki nyingi. Anayeishi mbali ahesabu nauli na mahali pa kulala pia, si bei ya meno tu.

WAKATI AMBAPO KAURI HAIFAI

Hapa tunaomba msome polepole.

Nguzo ikiwa imeoza chini, mabati mapya ni kutupa pesa. Katika mdomo, "mchwa" wa nguzo ni ugonjwa wa fizi. Huanza kwa ufizi kuwa mwekundu na kutoka damu mtu akipiga mswaki. Katika hatua hii unaweza kupona kwa kusafishwa. Ukiachwa, unashuka na kula mfupa. Usaha hutoka, na mwishowe nguzo hutikisika. Hatari huwa kubwa zaidi kwa anayevuta sigara, mwenye kisukari kisichodhibitiwa, na yule aliyepoteza meno yake ya asili kwa ugonjwa huo huo wa fizi.

Tunamjua mzee mmoja ambaye nguzo zake mbili zilikuwa zinatikisika. Alikuwa tayari kuuza ng'ombe anunue zirkonia kwa sababu alisikia inadumu. Daktari alimwambia ukweli: mfupa umekwisha, hakuna kauri itakayosaidia. Nguzo zilitolewa, fizi zikapona, akatengenezewa meno ya kuvaa na kuvua. Leo anakula ugali na nyama, na ng'ombe wake bado anakamuliwa. Meno ya kuvua si aibu. Kwa wengi wetu ndiyo chaguo la busara.

Pia kumbukeni kwamba plastiki ikivunjika inaweza kutengenezwa karibu na nyumbani. Zirkonia ikivunjika mara nyingi hutengenezwa upya yote. Kilicho kigumu zaidi si lazima kiwe bora kwa kila mtu.

MASWALI YA KUMWULIZA DAKTARI

Msiogope kuuliza. Daktari mzuri hakasiriki. Mgonjwa aende na mwenzake mmoja wa kumsaidia kukumbuka majibu.

1. Ni sehemu gani iliyoharibika: nguzo, kiungo ama meno? Tunaomba utuonyeshe kwenye eksirei.

2. Ni nini kilichosababisha? Kama sababu haikuondolewa, hata zirkonia itavunjika.

3. Je, yanaweza kutengenezwa bila kubadilishwa yote? Pengine ni skrubu iliyolegea tu.

4. Nguzo hizi ni za kampuni gani na saizi gani? Vipuri vya kampuni moja haviingiani na vya nyingine, kama vile bisibisi ya pikipiki hii isivyofungua ile.

5. Bei ni ngapi yote pamoja, tukihesabu meno ya majaribio na kurudi kuangaliwa? Tuandikie.

6. Yakivunjika tena, nani atagharimia?

Kabla ya kulipa hata shilingi moja, hakikisheni daktari amesajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno nchini (KMPDC). Leseni hutolewa kila mwaka. Na mkiambiwa kwamba yote lazima yang'olewe, tafuteni daktari wa pili atoe maoni yake. Nauli ya safari hiyo ni ndogo ukilinganisha na laki.

Jambo lingine: jino likibanduka, msiligundishe kwa supaglu. Gundi hiyo inachoma fizi, na inaharibu kipande ambacho pengine kingeokolewa. Kiwekeni kipande katika karatasi safi mpeleke kwa daktari.

UTUNZAJI

- Piga mswaki asubuhi na usiku, mpaka mahali meno yanapokutana na ufizi.

- Safisha chini ya daraja kwa uzi wa meno ama mswaki mwembamba. Uchafu hujificha huko.

- Rudi kwa daktari angalau mara moja au mbili kwa mwaka, hata kama huna maumivu. Nguzo haina nyuzi za kuhisi, kwa hiyo usingoje ikuume.

- Ukisikia meno yanacheza kidogo, nenda wiki hiyo hiyo. Kukaza skrubu ni kazi ndogo. Skrubu ikikatikia ndani ni kazi kubwa.

- Usifungue chupa kwa meno. Hata ya asili.

- Tunza kadi ama risiti yenye jina na saizi ya nguzo zako, pamoja na hati ya shamba na kitambulisho.

MWALIMU ALIISHIAJE?

Tulimsindikiza kwa daktari wa pili. Eksirei ilionyesha nguzo tatu ni imara kabisa. Ya nne ilikuwa imepoteza mfupa kidogo na ufizi wake ulitoka damu. Daktari alikataa kufanya haraka. Aliisafisha, akamfundisha Mwalimu kupiga mswaki upya, na kumwambia arudi baada ya miezi mitatu. Mwalimu alicheka kwamba amefundisha watoto usafi wa meno miaka thelathini, na sasa yeye ndiye amekaa darasani.

Kulikuwa na shida ya karatasi. Hakuna aliyejua nguzo ni za kampuni gani. Kijana wake alitafuta kwa wiki mbili mpaka akapata risiti ya 2016. Bila hiyo kazi ingekuwa ngumu zaidi.

Na sababu ya kuvunjika? Aliyeijua ni mjukuu wake, msichana wa miaka tisa anayelala chumba kimoja naye. "Cucu husaga meno usiku kama mtu anasaga mahindi," alisema. Basi pamoja na meno ya zirkonia, Mwalimu alitengenezewa kinga ya plastiki ya kuvaa akilala.

Gharama haikuwa ndogo, bado ilihesabiwa kwa laki. Lakini ilikuwa chini ya nusu ya ile aliyotajiwa mwanzoni, na taya lake halikupasuliwa. Watoto wake walilipa sehemu kubwa. Kikundi kilimkopesha iliyobaki kwa masharti yale yale ya kila mwanachama, naye akarudisha kwa miezi kumi. Tangi lilichelewa msimu mmoja, likamalizika mwaka 2024. Hatufichi hilo, kwa sababu kuna kina mama waliobeba maji kichwani msimu huo mzima. Walikubali wenyewe, kwa kura, wakijua kiasi gani na kwa muda gani.

Siku tuliyorudi kuwatembelea, katibu alipotaka kusoma hesabu, Mwalimu alimnyang'anya daftari. Akasoma mwenyewe, mpaka senti ya mwisho, na alipokuta kosa la shilingi hamsini alitaja jina la aliyelifanya mbele ya watu wote. Wakacheka. Tukajua amepona.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Je, tumewahi kutoa pesa ya kikundi kwa matibabu bila kuuliza ni nini hasa kimeharibika? Matokeo yalikuwaje?

2. Mwanachama akitaka mkopo wa matibabu makubwa, tutaweka utaratibu gani kabla ya kupiga kura?

3. Ni nani kati yetu ameacha kuongea ama kula pamoja nasi kwa sababu ya meno? Tutamwendeaje bila kumwaibisha?

4. Watoto wa shule hapa kwetu hupiga mswaki mara ngapi? Jino la asili likitunzwa, hayo mengine yote hatutayahitaji.

Tuandikieni mliyokubaliana. Tutayachapisha katika toleo lijalo ili vikundi vingine vijifunze. Kwaherini kwa sasa.